NMR kwa Wanafunzi wa Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo ndefu, vijana wetu wanaosoma kemia vyuoni wanaporudi Amu, mji wetu wa Lamu, hapakosi mmoja wa kuja barazani kwangu Mkomani na karatasi iliyojaa vilele. Salamu zikiisha, karatasi hukunjuliwa juu ya baraza, na swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, hapa nasoma nini?" Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, na kabla ya hapo, chuoni, nilikesha mbele ya mashine ya NMR siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nimeyakusanya maswali yao hapa ili wa mwaka huu wasianze mwanzo. Yale yanayowaangusha nimeyajibu kwa kirefu. Mengine mstari mmoja unatosha.

NMR ni nini, kwa maneno machache?

Ni njia ya kukiuliza kiini cha atomi swali moja: "Unakaa na nani?" Sampuli inatiwa ndani ya sumaku kali, inapigwa mawimbi ya redio, kisha mashine inanyamaza na kusikiliza. Viini hujibu, kila kimoja kwa masafa yake, na masafa hayo hupanda au kushuka kidogo kulingana na atomi zilizo kando yake. Kwa majibu hayo mkemia anaijenga molekuli ambayo hajapata kuiona kwa macho.

Shikeni sana hili la jirani, maana yaliyobaki yote yanatoka hapo. Amu kijana akipita mtaani asikojulikana, wazee hawamuulizi jina. Wanamuuliza, "Wewe wa nyumba gani?" Wakishajua nyumba, ukoo na mtaa, jina halina kazi tena. Spektra, yaani ile karatasi ya vilele, nayo inasomwa hivyo.

Herufi NMR zimetoka Kiingereza, nuclear magnetic resonance. Mimi husema "mwitiko wa viini katika sumaku", lakini maabara zote watu husema en-em-ari, nawe sema vivyo hivyo.

Nyuklia si mambo ya mabomu na mionzi?

La. Neno hilo hapa linataja kiini cha atomi, basi. Hakuna kiini kinachopasuka wala mionzi inayotoka. Mawimbi ni ya redio, na nishati yake ni ndogo hata haiwezi kuvunja kifungo kimoja cha kemikali. Sampuli hutoka kama ilivyoingia, ukakausha kiyeyushi na kuitumia tena.

Kitu cha kuogopa ni sumaku yenyewe. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo haingii chumba kile. Bisibisi ya chuma ikikaribia sana itaruka mkononi, na mtungi wa gesi wa chuma unaweza kuua mtu. Kadi ya benki yenye ukanda wa sumaku hufutika. Yangu ilifutika mwezi wangu wa kwanza, wiki ya kulipa kodi ya chumba.

Kwa nini viini vingine husikika na vingine ni bubu?

Kiini kinachosikika kina sifa iitwayo spini, inayokifanya kiwe kama kisumaku kidogo. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kiini chenye protoni shufwa na nyutroni shufwa hakina spini, kwa hivyo hakijibu. Kaboni-12 ina sita kwa sita, bubu. Oksijeni-16 nane kwa nane, bubu. Haidrojeni ya kawaida ni protoni moja peke yake, nayo husema kuliko wote. Florini-19 na fosforasi-31 husikika vizuri, tena florini na fosforasi zote za asili ni za aina hizo. Kaboni inayosikika ni kaboni-13, ambayo ni kama atomi 1 katika kila 100.

Ndani ya sumaku kunatokea nini hasa?

Bila sumaku, visumaku vya protoni vimeelekea kila upande. Ukivitia ndani ya uga mkali, vinagawanyika makundi mawili: vinavyofuata uga, ambavyo vina nishati ndogo kidogo, na vinavyoukabili, ambavyo vina nishati kubwa kidogo. Tofauti ya nishati kati ya makundi hayo inalingana na masafa fulani ya redio. Ukipiga mawimbi ya masafa hayo barabara, viini vinavuka kutoka kundi moja hadi jingine. Masafa yakikosea, hakuna kinachotikisika.

Kwa protoni, kila tesla 1 ya sumaku inadai karibu megahezi 42.58. Sumaku ya tesla 9.4 basi inakupa megahezi 400, na ndiyo maana mafundi huiita "mashine ya 400" bila kutaja tesla. Tesla 9.4 ni zaidi ya mara laki mbili ya nguvu ya sumaku ya dunia hapa pwani, ile inayogeuza sindano ya dira ya jahazi. Kaboni-13 kwenye mashine hiyohiyo hujibu kwa megahezi 100 na ushei, yaani katikati ya mkanda wa FM. Ukiwa na redio barazani, kaboni zinaimba palepale unapotafuta taarifa ya habari.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawaliamini. Makundi yale mawili yanakaribia kulingana. Kwenye mashine ya 400, katika joto la chumba, ukihesabu protoni 1,000,000 utakuta 500,016 upande mmoja na 499,984 upande wa pili. Zile zinazolingana hufutana. Ishara yote unayoiona karatasini imetoka kwa hizo 32 zilizozidi. Ndiyo sababu watu hutafuta sumaku kubwa zaidi na zaidi: nguvu ikipanda, ziada inapanda. Mwaka 2020 huko Florence, Italia, ilifungwa mashine ya kwanza ya megahezi 1,200 katika maabara ya mteja, sumaku yake ni tesla 28.2.

Nani aliyeyagundua haya?

Isidor Rabi alipima mwitiko wa viini mwaka 1938, akitumia miali ya molekuli zinazopita ndani ya ombwe. Miaka michache baadaye makundi mawili Marekani, moja pwani ya mashariki na jingine pwani ya magharibi, yalifanya hivyo kwenye vitu vya kawaida, bila kundi moja kujua la mwenzake, na taarifa zao zikatoka mapema 1946. Edward Purcell na wenzake huko Harvard walitumia nta ya parafini, nta ya mishumaa. Felix Bloch na wenzake huko Stanford walitumia maji. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952.

Kinachonichekesha ni yaliyofuata. Wanafizikia walitaka kupima viini vyenyewe, na walitaraji nitrojeni itoe namba moja safi. Mwaka 1950 Proctor na Yu, hukohuko Stanford, wakatia amoniamu nitreti ndani ya sumaku, wakapata ishara mbili za nitrojeni: moja ya amoniamu, moja ya nitreti. Kwa mwanafizikia huo ni usumbufu. Kwa mkemia ilikuwa ni Idi.

"Mhamo kemikali" ni nini? Ndipo ninapopotelea hapo kila mara.

Kiini hakikai uchi. Kimezungukwa na elektroni, na elektroni zikiwa ndani ya sumaku huzunguka na kuzalisha uga mdogo unaopinga ule mkubwa. Kwa hivyo kiini husikia sumaku pungufu kidogo ya ile iliyopo.

Bibi zetu hapa Lamu zamani walitoka wamefunikwa na shiraa, hema la kitambaa lililoinuliwa kwa vijiti. Elektroni ndizo shiraa ya kiini. Kitambaa kikiwa kizito, kiini kimesitirika na jibu lake linakuwa upande wa kulia wa karatasi, karibu na sifuri. Sasa weka oksijeni jirani. Oksijeni inapenda elektroni, inavuta kitambaa upande wake, kiini kinabaki na sitara pungufu, na kilele chake kinahamia kushoto. Jirani anavyovuta zaidi, ndivyo kilele kinavyozidi kwenda kushoto. Huo ndio mhamo kemikali.

Namba za kukariri kwa protoni si nyingi. Mnyororo mtupu wa kaboni na haidrojeni hukaa kati ya 0.9 na 1.5. Kaboni iliyoshikana na oksijeni, protoni zake huwa kati ya 3.3 na 4.5. Protoni za kifungo maradufu cha kaboni, 4.5 hadi 6.5. Za duara la benzini, 6.5 hadi 8.5, kwa sababu elektroni za duara lile huzunguka kwa pamoja na uga wao, nje ya duara, unaongeza sumaku badala ya kuipunguza. Aldehidi, 9 hadi 10. Asidi ya kaboksili hupita 10.

Hizo namba ni za kipimo gani?

Sehemu kwa milioni, ppm. Tofauti kati ya viini ni ndogo sana ukilinganisha na masafa yenyewe: kwenye mashine ya 400, ppm 1 ni hezi 400 tu. Tungeandika hezi, namba zingebadilika kila ukibadilisha mashine. Tukigawa kwa masafa ya mashine, kilele kilicho 3.7 Nairobi kitakuwa 3.7 Dar es Salaam na 3.7 Tokyo.

Sifuri ni kilele cha TMS, tetramethilisilani: protoni 12 zilizosawa kabisa, zimesitirika vizuri, zinatoa mstari mmoja mkali. Kitu hiki huchemka kwenye nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi. Ukifungua chupa yake Lamu saa saba mchana, wakati wa kaskazi, utaikuta inachemka mkononi. Siku hizi wengi huiacha na kupima kwa kilele cha mabaki ya kiyeyushi.

Kwa nini kilele kimoja hugawanyika vitatu au vinne?

Hili ndilo tamu kuliko yote, na ndilo linalofelisha wengi, basi twende polepole. Chukua ethanoli, ile ya dawa ya kusafishia mikono.

Ethanoli ina kundi la CH3, kundi la CH2 na kundi la OH. CH3 na CH2 ni nyumba mbili zilizoshirikiana ukuta. Amu kuta zetu ni nene, za mawe ya matumbawe, lakini nani asiyejua jirani yake leo ana wageni? Protoni za CH3 vivyo hivyo: zinasikia hali ya protoni mbili za CH2 kupitia vifungo. Kila moja kati ya hizo mbili inaweza kufuata uga au kuukabili. Zikiwa zote zinafuata, uga unaongezeka kidogo. Zikiwa zote zinakabili, unapungua. Ikiwa moja huku na moja kule, hazina athari, na hali hiyo inaweza kupatikana kwa njia mbili. Kwa hivyo CH3 inaonekana vilele vitatu vya urefu 1:2:1, karibu na ppm 1.2.

Geuza upande. CH2 inasikia protoni tatu za CH3. Hesabu mwenyewe kwa vidole: njia moja ya zote kufuata, njia tatu za mbili kufuata, njia tatu za moja kufuata, njia moja ya zote kukabili. Vilele vinne, 1:3:3:1, karibu na ppm 3.7. Ndipo inapotoka ile kanuni mnayoikariri bila kuielewa: majirani ni n, vilele ni n na kimoja.

Umbali kati ya vilele hivyo, unaoitwa namba ya mshikamano, hupimwa kwa hezi na haubadiliki hata ukibadilisha sumaku. Kwa ethanoli ni hezi 7 hivi. Na ukiukuta hezi 7 kwenye kundi moja, tafuta hezi 7 hizohizo kwenye kundi jingine, kwa maana jirani hana budi kurudisha alichoazima. Kwenye kifungo maradufu namba hii inakuambia hata mkao: protoni zilizo pande tofauti hutoa karibu hezi 16, zilizo upande mmoja karibu 10.

Protoni zilizosawa kabisa hazigawanyi zenyewe. Na ushirikiano huu mara nyingi haupiti vifungo vitatu: H hadi C, C hadi C, C hadi H. Mbali ya hapo umbea haufiki, au unafika umechoka.

Basi protoni ya OH mbona haigawanyi wala haigawanyiki?

Kwa sababu haikai nyumbani. Pakiwa na chembe ya maji au asidi, protoni ya OH hurukaruka kutoka molekuli moja hadi nyingine upesi hata CH2 haiwahi kujua jirani wake ni nani. Kilele chake hutangatanga, leo 2.6, kesho 4, kulingana na wingi wa sampuli na joto. Ukitaka kuithibitisha, tia tone la maji mazito ndani ya tyubu, tikisa, pima tena. Kilele cha OH kitatoweka, kwa sababu protoni imebadilishwa na deuteriamu, haidrojeni nzito yenye nyutroni moja ya ziada, iliyomo ndani ya maji yale. Mwanafunzi wangu mmoja alidhani ameharibu sampuli. Nilimwambia amefanya jaribio bora kuliko yote ya siku ile.

Ile mistari inayopanda kama ngazi juu ya vilele?

Ujumlisho. Urefu wa kila ngazi unalingana na idadi ya protoni. Ethanoli hutoa 3:2:1. Ni uwiano tu, si hesabu kamili.

Kwa nini tunatumia viyeyushi vya ghali vyenye deuteriamu?

Ukiyeyusha miligramu 10 za dawa ndani ya klorofomu ya kawaida, protoni za klorofomu zitakuwa nyingi mno, na sauti ya dawa itamezwa kama adhana ndani ya mngurumo wa jenereta. Deuteriamu hujibu kwenye masafa mengine kabisa, kwa hivyo haisikiki. Tena mashine huitumia ishara ya deuteriamu kama nanga: ikifuata kilele chake, inajua kama uga unateleza, inaurekebisha. Mililita 0.5 au 0.6 ndani ya tyubu ya kipenyo cha milimita 5 yatosha. Klorofomu iliyobaki bila kubadilishwa utaiona 7.26.

Nionyeshe spektra moja tuisome pamoja.

Tuchukue karafuu, ile ya kwenye pilau. Kiini cha harufu yake ni eujenoli, C10H12O2. Ndani ya klorofomu yenye deuteriamu unaona hivi.

Kilele kimoja kirefu kwenye 3.87, ujumlisho 3, hakijagawanyika. Protoni tatu, karibu na oksijeni, bila jirani mwenye protoni: ni OCH3. Huo ndio mfano wa mtu anayekaa nyumba ya pembeni. Kwenye 3.32 kuna protoni 2 zilizogawanyika, hizo ni CH2 iliyobanwa kati ya duara la benzini na kifungo maradufu. Kati ya 5.0 na 5.1 kuna protoni 2 za ncha ya kifungo maradufu, na karibu na 5.95 protoni 1 iliyochanika vipande vingi hata huwezi kuvihesabu, kwa sababu ina majirani pande zote mbili. Karibu na 5.5 kuna OH, hiyo usiitegemee. Mwisho, 6.68 protoni 2 na 6.85 protoni 1, zote za duara.

Jumlisha: 3, 2, 2, 1, 1, 3. Kumi na mbili, kama fomula ilivyodai. Zisipotimia, usiendelee. Rudi.

Mama yangu anauza mafuta ya nazi. NMR inaweza kugundua yaliyochanganywa?

Swali hili liliulizwa na binti wa Shela, na nalipenda kuliko yote, maana limetoka jikoni.

Mafuta yote ya kula yana mwili mmoja: gliseroli iliyobeba minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Gliseroli hutoa protoni 4 kati ya 4.1 na 4.3, katika kila molekuli, iwe ya nazi, ya simsim au ya alizeti. Basi hiyo ndiyo pishi yako ya kupimia. Tofauti iko kwenye minyororo. Nazi ni karibu asilimia 90 minyororo iliyoshiba, isiyo na kifungo maradufu, na karibu nusu ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12. Mafuta ya simsim yamejaa asidi ya oleiki na linoleiki, zenye vifungo maradufu.

Kwa hivyo angalia mahali pawili. Karibu na 5.3 hukaa protoni za vifungo maradufu, pamoja na protoni moja ya gliseroli ambayo lazima uitoe kwenye hesabu. Na 2.77 hukaa zile protoni mbili za linoleiki zilizobanwa kati ya vifungo maradufu viwili. Mafuta ya nazi safi, 2.77 ni kama hakuna kitu. Mtu akitia ndani mafuta ya mahindi, soya au alizeti, 2.77 inachomoza na 5.3 inanenepa, nawe ukilinganisha na pishi yako ya 4 unaweza kukadiria ametia kiasi gani. Lakini mashine uiache ipumzike vya kutosha kati ya pigo na pigo, ili viini vyote virudi kutulia. Ukiharakisha, ujumlisho utasema uwongo.

Ujanja una mpaka. Akitia mafuta ya mbegu za mawese, ambayo nayo yamejaa lauriki, kazi inakuwa ngumu na protoni peke yake hazitoshi. Na mnunuzi wa soko la Langoni hana haja na haya yote. Mafuta yakigandia chupani alfajiri ya kipupwe na harufu ikawa ya nazi, mama yako ataendelea kuuza.

Spektra ya kaboni mbona inachukua usiku kucha?

Kwa sababu mbili. Kaboni-13 ni atomi 1 kwa 100, na sumaku yake ni kama robo ya ile ya protoni. Dawa yake ni kupiga mara nyingi na kujumlisha. Lakini usafi wa ishara hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo: ukitaka ishara safi mara mbili, piga mara nne. Mara kumi, piga mara mia. Ndipo nilipokuwa nikikesha.

Raha yake ni kwamba kila kaboni kwa kawaida hutoa mstari mmoja tu, kuanzia 0 hadi 220 ppm, hazibanani. Eujenoli ina mistari 10.

Zamani walipitia masafa moja baada ya jingine, polepole. Richard Ernst na Weston Anderson walionyesha mwaka 1966 kwamba unaweza kupiga pigo moja fupi, viini vyote vikalia kwa pamoja, kisha hesabu ya Fourier ikazitenganisha sauti. Ni kama kusikia ngoma, zumari na matari kwa pamoja na sikio likavipambanua. Ernst alipata Nobel ya kemia mwaka 1991.

COSY na NOESY zinatofautianaje?

Zote mbili ni aina za vipimo vya NMR. COSY inakuonyesha nani ameshirikiana ukuta na nani, yaani majirani kupitia vifungo. NOESY inakuonyesha walio karibu hewani, chini ya nanomita 0.5 hivi, hata kama kupitia vifungo wako mbali. Amu tuna wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba za pande mbili. Ukipita njia ile chini, utazunguka mtaa mzima kufika mlango wa pili. Ukipita juu, hatua tatu. NOESY inaona wikio.

Kwa molekuli ndogo huzihitaji. Kwa kubwa huponi bila hizo. Chukua mwarobaini uliojaa hapa mjini. Azadiraktini, kitu kinachowakimbiza wadudu, ilitengwa kutoka mbegu zake mwaka 1968. Fomula yake ni C35H44O16. Wakemia walizozana juu ya umbo lake hadi katikati ya miaka ya 1980, ndipo NMR na picha za eksirei za fuwele zilipoumaliza mgogoro. Kuitengeneza maabara kulifanikiwa 2007. Mti tunaouchuma majani tukiwa na homa, hebu fikiria.

Kosa gani umewahi kulifanya mwenyewe?

Niliwahi kumwonyesha msimamizi wangu, kifua mbele, kilele kimoja kikali cha 2.17 kwenye kitu nilichokitoa kwenye gome la mkoko. Nilishaanza kukipa jina. Akaniuliza, "Tyubu uliisafisha kwa nini?" Kwa asetoni. Asetoni ndani ya klorofomu hukaa 2.17. Tangu siku ile nakausha tyubu hadi inachosha, na kila spektra naanza kwa kufuta wageni: klorofomu 7.26, maji 1.56, asetoni 2.17, grisi ya vifaa karibu na 0.88 na 1.26. Wanaobaki ndio wenyeji.

Mashine hii inaweza kufungwa Lamu?

Ile ya 400, sidhani karibuni. Sumaku yake ni waya wa niobi na titani uliozama ndani ya heliamu iliyo kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na nje yake kuna nitrojeni iliyo kimiminika. Watu huniambia umeme wetu unakatika. Umeme si tatizo la sumaku: mkondo ukishatiwa ndani ya waya ule baridi unazunguka miaka bila kuunganishwa popote. Tatizo ni heliamu, inayovukia kidogo kidogo na lazima ijazwe. Ikipata joto ghafla, lita moja inageuka zaidi ya lita 700 za gesi na kuifukuza hewa chumbani. Na bado hujaniambia ni punda gani ataibeba kwenye njia zetu.

Lakini kuna mashine za mezani zenye sumaku ya kudumu, megahezi 60 hadi 100, zisizotaka heliamu. Vilele vyake hubanana, ila kwa mafuta ya nazi zinatosha.

Ni sawa na MRI ya hospitali?

Msingi ni mmoja: protoni za maji na mafuta mwilini, sumaku, redio. MRI inauliza "uko wapi?" badala ya "unakaa na nani?" Hospitali ziliacha neno nyuklia lisiwatie wagonjwa hofu. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipata Nobel ya tiba kwa kazi hiyo mwaka 2003.

Naweza kukuletea spektra yangu?

Karibu, baada ya swala ya alasiri. Lakini njoo na fomula ya molekuli, na uwe umeshahesabu maduara na vifungo maradufu: kaboni mara mbili, ongeza 2, toa haidrojeni, gawa kwa 2. Eujenoli inatoa 5, duara la benzini likichukua 4 na kifungo maradufu cha pembeni 1. Hesabu hiyo ni ya zenye kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Kwa nitrojeni tutakaa tuifanye pamoja, nawe utaleta kahawa.